Shajara ya vigrivea sita, Brisbane, Australia

13 Aprili 2024, Jumamosi

Miche imefika. Ni sita, kila mmoja kwenye kikopo cheusi chenye upana wa sentimita 14, na majani yake yamechanwachanwa kama kangaga wa kando ya mfereji. Kibandiko kimeandikwa Grevillea 'Robyn Gordon'. Nimeipanga barazani na binti yangu ameshaanza kuihesabu kama vifaranga.

Nimezaliwa Marangu, Kilimanjaro. Kihamba chetu kina migomba, kahawa, masale ya mpakani, na juu ya yote hayo migrivea. Mbao za paa la nyumba ya baba zilitoka kwenye mgrivea, na kuni za mama hadi leo ni matawi ya mgrivea. Nilikua nikiamini kwamba mti ule ni wetu, kama mringaringa. Miaka kumi na moja iliyopita, mwezi wa Oktoba, nilikuwa nangoja basi hapa Brisbane, nikainua macho nikaona maua ya rangi ya chungwa yamelala kwenye matawi kama brashi za kusafishia chupa. Nikalijua lile jani kabla sijaujua mti: kijani juu, fedha chini. Mzee mmoja pale kituoni aliniambia mti huo kwao ni huku huku, kwenye misitu ya mashariki ya Queensland na kaskazini mwa New South Wales. Uliletwa kwetu enzi za ukoloni kuwa kivuli cha kahawa na chai. Siku ile nililiacha basi likapita.

Mgrivea mkubwa hufika mita 30 na zaidi, sina pa kuuweka. Lakini jamii ya Grevillea ina spishi zaidi ya 350, na nyingi ni vichaka. Hiki nilichonunua huishia kama mita moja na nusu kwenda juu na mbili hivi kwa upana, na hapa Brisbane hutoa maua karibu mwaka mzima. Nitakifanya kiwe masale yangu ya mpakani, mbele ya nyumba, mstari wa mita tisa.

Leo sijapanda. Nimechimba shimo la kina cha sentimita 30, nikalijaza maji saa nne asubuhi. Saa nane mchana maji yalikuwa bado nusu shimo. Udongo wetu ni mfinyanzi mtupu, ukiufinyanga unapata chungu. Mizizi ya mmea huu ikikaa kwenye maji siku kadhaa huoza, na huko chini kuna Phytophthora, kiumbe kinachofanana na kuvu, ambacho maji yaliyotuama ndiyo barabara yake. Kwa hiyo sitachimba kwenda chini, nitainua tuta.

14 Aprili

Toroli ishirini na sita. Mchanga mkavu wa mto na udongo tifutifu, nimevichanganya kwa koleo na kulijenga tuta la kimo cha sentimita 35 na upana wa mita moja na robo. Kabla ya hapo niliuvunja ule mfinyanzi wa chini kwa sululu na kunyunyiza jasi ili ulegee. Mke wangu alipotoka kanisani alikuta mlima, akauliza kama tunazika mtu.

Kupanda kwenyewe ni kazi ndogo. Nilizamisha kila kikopo kwenye ndoo ya maji mpaka mapovu yakaisha, nikaugonga mche utoke, nikaikunjua kwa vidole ile mizizi iliyokuwa imejizungusha chini, taratibu, maana jamii hii haipendi kuvutwavutwa. Shina limekaa kwenye kimo kile kile lilichokuwa nacho kikoponi. Mche na mche mita moja na nusu. Ndoo moja ya maji kila mmoja, kisha matandazo ya vipande vya magome, unene wa vidole vinne, yakiachana na shina kwa upana wa kiganja.

Mbolea: hakuna. Nimeisoma hiyo mahali pengi na nimeiandika hapa ili nisisahau.

12 Mei

Maji kila baada ya siku moja kwa wiki mbili za kwanza, sasa mara mbili kwa wiki. Namba 1 na namba 6, zilizo mwisho wa mstari, zimetoa vichipukizi. Nyingine kimya.

22 Juni, Jumamosi

Ua la kwanza! Namba 6, upande wa jua la asubuhi. Usiku kumekuwa na baridi, nyuzi nane tisa hivi, na mimi nilidhani mmea umelala.

Nimekaa chini na kikombe cha chai nikalitazama karibu nusu saa. Tunachokiita ua ni kishada cha maua madogo mengi. Kila dogo huanza kama haragwe jekundu lililopinda. Kisha upande mmoja hupasuka, na ule uzi mrefu wa kike hutoka katikati kama kitanzi, ncha yake ikiwa bado imebanwa ndani. Siku moja au mbili baadaye ncha huchomoka na uzi hunyooka. Lakini ncha ile haitoki mikono mitupu. Ndani ya haragwe, kabla halijafunguka, sehemu za kiume zimeshaipaka chavua. Kwa hiyo ndege akiingiza mdomo kunywa mbochi, ile ncha humgusa kwenye paji la uso na kumwachia unga wa njano, naye anaupeleka kwenye ua jingine. Niligusa kwa kidole, unga ukabaki.

Nikawapiga marufuku watoto kunyonya maua. Najua wenyeji wa asili wa nchi hii hunyonya mbochi wa grevillea za aina nyingi, au huloweka maua majini wapate kinywaji kitamu, na wana elimu ya vizazi na vizazi kuhusu ipi ni ipi. Grevillea banksii, mmoja wa wazazi wa kichaka hiki, ina chembe za sianidi kwenye maua na matunda. Sisi tutatazama tu.

Kuhusu wazazi. Banksii ni ya pwani ya Queensland. Mzazi wa pili, Grevillea bipinnatifida, ni wa Australia Magharibi, upande wa pili kabisa wa bara hili. Msituni wasingekutana daima. Walikutana kwenye bustani ya David Gordon, mfugaji wa Glenmorgan, bara ndani huko Queensland, aliyekusanya mimea ya kila pembe ya nchi akaipanda mahali alipopaita Myall Park. Nyuki au ndege alifanya kazi yake, mche ukaota, na Gordon akaona ni mzuri kuliko yote. Binti yake mkubwa, Robyn, alifariki 1969 akiwa na miaka 16. Mche ukapewa jina lake. Kuanzia miaka ya 1970 ulienea bustani za Australia nzima na nje yake.

Binti yangu ana kumi na nne. Nimemsomea habari hii jioni na hakusema kitu, ila asubuhi nimekuta amemwagilia namba 6 peke yake.

7 Septemba

Majira yamegeuka, joto linarudi. Yote sita mizima, kimo kati ya sentimita 40 na 55.

Leo katutembelea mzee mmoja wa Burundi tunayesali naye, mkulima hasa, uwanja wake wa nyuma unalisha nusu ya usharika. Alisimama mbele ya tuta, mikono nyuma, akasema, "Mwanangu, hii mimea yako ina njaa." Kisha akafungua buti ya gari akanipa mfuko wa samadi ya kuku iliyogandishwa vipunje. Nilijua jibu. Nilikuwa nimeliandika mwenyewe tarehe 14 Aprili. Lakini mkono wa mtu aliyekulia kihambani haujui kuukataa mfuko wa samadi, na pia sikutaka kumvunja moyo mzee. Nimeweka konzi mbili kwenye namba 3 na konzi mbili kwenye namba 4, nikamwagilia.

5 Oktoba

Nilipaswa kuuamini mkono wangu ulioandika.

Namba 3: majani ya chini yameungua ncha, kahawia kavu kama karatasi iliyopitishwa juu ya mshumaa. Majani machanga yamekuwa ya njano huku mishipa ikibaki kijani. Namba 4 inaelekea huko huko ila polepole. Namba 2 na namba 5, majirani zake kwa mita moja na nusu, zinang'aa.

Tatizo ni fosforasi. Udongo wa sehemu kubwa ya Australia ni mkongwe kupindukia. Mvua ya mamilioni ya miaka imeusuuza, na hakukuwa na volkeno wala barafu ya karibuni ya kuuletea mawe mapya. Sisi watoto wa Kilimanjaro tumelelewa juu ya majivu ya volkeno na hatuwezi kulihisi jambo hili mpaka tulione. Mimea ya ukoo huu, ambao ndani yake mna grevillea, banksia, makadamia, na hata ile protea inayoota juu kwenye mlima wetu, ilijifunza kuikwangua fosforasi chembe kwa chembe. Na kwa kuwa karne zote hizo haikuwahi kushiba, mingi yake haikujifunza kufunga mdomo. Ukiimwagia fosforasi inaifyonza yote, inajaa kwenye majani, majani yanaungua, na chuma ambacho mmea unahitaji ili uwe kijani hakifanyi tena kazi yake. Samadi ya kuku ina fosforasi nyingi kuliko ya ng'ombe. Nilichagua ile mbaya zaidi.

Nimefanya haya: nimekwangua matandazo na vipunje vyote vilivyobaki, na udongo wa juu sentimita tatu, nikavipeleka kwenye mchicha ambako vitapokewa kwa shangwe. Nimemwagilia maji mengi kwa saa nzima ili yashuke na fosforasi iliyoyeyuka, na hapo tuta lile la mchanga limenisaidia. Nimenyunyizia majani dawa ya madini ya chuma. Matandazo mapya.

2 Novemba

Namba 3 imekufa. Nimeikwaruza gome kwa ukucha kuanzia juu mpaka chini, kote kahawia.

Niliing'oa ili nione. Mizizi michache mirefu, mitupu, kama kamba. Kisha nikaenda namba 5, nikayainua matandazo kwa vidole pembeni kabisa, mbali na shina, na hapo nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona miaka yote niliyolima. Chini tu ya magome, mizizi myembamba ilikuwa imevimba kwa vishada, vishada vyeupe vyenye vinyweleo vilivyosongamana kama brashi ya kupaka rangi, na kila brashi imekumbatia kipande cha jani linalooza au punje za mchanga. Nilijaribu kukitoa kipande kimoja cha jani, hakikutoka. Hivyo ndivyo vinavyotoa tindikali ya kuilegeza fosforasi iliyokwama kwenye udongo. Mmea ukipewa fosforasi bwerere huacha kuvitengeneza, na ndiyo maana ile mizizi ya namba 3 ilikuwa mitupu.

Nilivifunika haraka. Tangu leo hakuna jembe wala reki juu ya tuta hilo, magugu ni ya kung'oa kwa mkono.

Namba 4 imepoteza nusu ya majani lakini ina vichipukizi vitatu vya kijani kwenye shina.

8 Desemba

Joto, nyuzi 34. Maji mara moja kwa wiki, ndoo nzima, jioni. Nimegundua kuwa kumwagilia kidogo kidogo kila siku huzoesha mizizi kukaa juu.

Nimempigia mama. Nimemweleza habari ya namba 3 na mizizi ile, akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Sasa umejua kwa nini babu yako hakuwahi kuweka samadi chini ya mgrivea. Samadi ilikuwa ya mgomba." Nilimuuliza kama babu alijua inaua. Akasema hapana, mgrivea haukuwahi kuomba.

Akaniuliza tena kama kuna ndege chozi wanaokuja kwenye maua. Kwetu chozi hujaa kwenye mgrivea ukichanua. Nikamwambia huku hakuna chozi, ila kuna ndege wengine wanywaji wa mbochi na nitamwandikia majina.

25 Januari 2025, Jumamosi

Kupogoa. Namba 1, 2, 5 na 6 zimefika karibu mita moja na zinaanza kuachana katikati, matawi marefu yenye majani mwishoni tu. Ukiviacha vinakuwa na miguu mirefu na mikavu. Nimekata theluthi moja ya kila tawi lililomaliza maua, juu tu ya jani, sikuingia kwenye ubao mtupu usio na majani. Namba 4 nimeichuna ncha tu, bado ni mgonjwa.

Nilifanya kazi mikono mitupu na mikono ya shati imekunjwa. Jioni vipele vilijaa kuanzia vifundo vya mikono hadi kwenye viwiko, vinawasha kama upupu. Mfamasia wa mtaani alitazama mara moja akauliza, "Una grevillea?" Kumbe hili ni jambo linalojulikana sana, na 'Robyn Gordon' ndiyo inayotajwa zaidi. Kuna kemikali kwenye mmea inayoiudhi ngozi ya baadhi ya watu, na ikishakuudhi mara moja, mara ya pili ni kali zaidi. Mke wangu alishika matawi yale yale hakupata kitu. Wewe unayetaka kupanda: glovu ndefu, shati la mikono mirefu, na usipande karibu na njia wanapopita watoto wakigusagusa. Tuta langu liko hatua tatu kutoka njiani, nashukuru kwa bahati hiyo.

26 Januari

Nimetumia vilivyopogolewa, kwa glovu safari hii. Huyu ni chotara, mbegu yake haileti mtoto anayefanana naye, kwa hiyo njia ni vipandikizi. Nimechagua vijiti vya msimu huu vilivyoanza kukomaa, vile ambavyo ukivipinda vinakataa kidogo kabla ya kukubali. Urefu sentimita 10. Majani ya chini nimeyaondoa, ya juu nimeyakata nusu ili yasipoteze maji. Nimekwangua gome kidogo pembeni mwa kitako, nikachovya kwenye unga wa homoni ya mizizi, nikachomeka kwenye mchanganyiko wa mchanga mkubwa na makumbi ya nazi yaliyosagwa. Vipandikizi ishirini, vikopo vinne, kila kikopo nimekifunika kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako. Viko chini ya kivuli cha baraza.

Makumbi hayo nilinunua mtaa wa Moorooka, nilipokwenda kutafuta unga wa muhogo. Harufu yake ilipolowa maji ilinipeleka Tanga moja kwa moja.

6 Machi

Kimbunga Alfred kiko baharini mbele yetu. Watu wanajaza mifuko ya mchanga, maduka hayana mkate. Vipandikizi nimeviingiza ndani, viko juu ya mashine ya kufulia. Vigrivea sina la kuvifanyia ila kuondoa matandazo yanayoweza kuelea. Binti yangu amefunga namba 6 kwenye vigingi viwili kwa kitambaa cha kanga kuukuu cha mama yake.

11 Machi

Tuko salama sote, umeme umerudi. Alfred kilipiga pwani Jumamosi tarehe 8, upande wa kisiwa cha Bribie, kikiwa kimeshapungua nguvu. Upepo haukutuumiza sana. Mvua ndiyo iliyofuata, na siku moja ya mvua kama hiyo Brisbane haikuwahi kuipata tangu 1974. Uwanja wetu wa mbele ulikuwa ziwa. Kutoka dirishani niliona maji ya kahawia na katikati yake mstari wa vichaka vitano umesimama juu ya mgongo wa tuta, kama watu waliopanda juu ya kichuguu.

Maji yalikaa siku mbili juu ya mfinyanzi. Yangekaa siku mbili juu ya mizizi yangu pia kama nisingebeba zile toroli. Sehemu ya tuta upande wa namba 1 imebomoka, nimeijaza tena leo.

26 Aprili

Nimevuta kila kipandikizi kwa upole. Tisa vimekataa kutoka, maana yake vimeshika. Saba vimeoza, vinne bado vinasitasita na nimeviacha. Kile kimoja nilichokitoa nitazame kilikuwa na mizizi minne yenye urefu wa ukucha. Vilivyoshika nimevihamishia kwenye vikopo vyenye udongo maalumu wa mimea ya kienyeji, wenye fosforasi kidogo sana. Namba 4 imetoa ua, moja, dogo.

17 Agosti

Nimekuwa nikiandika ndege kwa ajili ya mama. Mbabe wa mtaa ni ndege wa kijivu mwenye mdomo wa njano, wanatembea kwa genge na kufukuza kila mtu kwa makelele. Wakiondoka, huja kasuku wadogo wa rangi zote, wenye ncha ya ulimi kama brashi, wanalamba mbochi wakiwa wamening'inia kichwa chini. Na mara tatu sasa, asubuhi mapema kabla genge halijaamka, amekuja ndege mwenye ngozi ya buluu kuzunguka macho, tumbo jeupe, mgongo wa kijani cha mzeituni. Anakaa kimya. Leo paji lake lilikuwa na unga wa njano.

Kwenye pengo la namba 3 nimepanda mtoto mmoja wa namba 6. Udongo wa hapo niliutoa wote nikaleta mpya.

2 Novemba 2025, Jumapili

Mwaka kamili tangu nimng'oe namba 3. Mtoto aliye mahali pake ana sentimita 35 na kishada kimoja cha maharagwe mekundu ambayo hayajapasuka.

Baada ya ibada mzee alikuja. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu." Sikuwahi kumwambia habari ya ule mfuko, na leo nilimwambia, kwa kuwa nilikuwa na miche miwili ya kumpa na nisingeweza kumpa bila kumwambia. Alinyamaza kidogo. Kisha akaenda kwenye tuta, akapiga goti, na mimi nikayainua matandazo ya namba 5 pembeni kabisa nikamwonyesha zile brashi nyeupe. Alizitazama muda mrefu, akaniambia nizifunike zisije zikakauka.

"Na huku kwangu niilishe nini?"

"Maji, mzee. Na magome haya juu."

"Basi?"

"Basi."

Aliiweka miche kwenye kiti cha nyuma, akaifunga mkanda.